Umehamia Mtwara: namna ya kuwa msharika, usibaki mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanisani kwetu nimekuta wageni wa miaka mitatu ambao hakuna aliyewapa jembe, na wao hawakuliomba. Wanakuja Mtwara kwa kazi: mwalimu kapangiwa Tandahimba, muuguzi kaletwa hospitali ya Ligula, kijana kapata kibarua bandarini, mfanyabiashara kafuata msimu wa korosho. Jumapili ya kwanza anaingia ibadani, wageni wanaambiwa wasimame, anasimama, anapigiwa makofi, anakaa. Jumapili ya pili anaona haya kusimama tena. Basi anabaki benchi la nyuma karibu na mlango, na matangazo yakianza anatoka.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na kazi niliyopewa ni kupokea wageni. Nimeandika haya kwa kufuata utaratibu wa Kilutheri kwa sababu ndio ninaoutumikia kila wiki. Mwanglikana au Mmoraviani atakuta mengi yanafanana, majina tu yanabadilika. Na nimewafikiria zaidi wale wanaohofia kwamba kanisa halitawapokea jinsi walivyo: aliyeolewa na Mwislamu, anayeishi na mwenzake bila ndoa, mwenye maswali ambayo hajathubutu kuyatamka mbele ya mchungaji.

Nina sababu yangu. Kabla sijahamia huku niliishi mji mwingine, nikasali kwenye usharika mmoja zaidi ya mwaka bila kujiandikisha. Mama yangu alifariki nyumbani kwangu. Nikapiga simu ofisi ya kanisa, nikaulizwa: jumuiya yako ipi? Namba ya bahasha ya sadaka? Sikuwa na jibu. Mchungaji alikuja siku ya maziko, akasoma jina la mama kwenye kikaratasi, akalikosea. Usiku ule waliokesha nami, waliopika, waliobeba maji, walikuwa majirani zangu Waislamu. Nawashukuru mpaka leo. Lakini nililia pia kwa sababu nyimbo za mama hakuna aliyeziimba.

Kwanza: barua kabla ya lori

Kabla hujafunga mizigo, nenda ofisi ya usharika unakotoka ukaombe barua ya uhamisho. Barua nzuri inataja jina lako kamili, tarehe na mahali ulipobatizwa, kipaimara, ndoa kama ipo, na kwamba unashiriki Meza ya Bwana. Iwe na sahihi na muhuri. Wengine huandika pia hali ya ahadi yako ya sadaka. Kama ulikuwa na deni, lisikufanye uondoke kimyakimya. Sijawahi kuona mchungaji akimnyima mtu barua kwa sababu ya bahasha tupu, ila nimeona wengi waliojinyima wenyewe kwa aibu.

Nakala za vyeti vya ubatizo na kipaimara ziweke pamoja na vyeti vya shule. Kama cheti kilipotea, kumbuka kwamba kila ubatizo uliandikwa kitabuni. Mpigie mtu wa nyumbani, Makete au Karagwe au popote, aende ofisini na majina yako, majina ya wazazi, na mwaka hata wa kukadiria. Picha ya ukurasa ule ikitumwa kwa simu inatosha kuanzia mazungumzo, barua yenye muhuri itafuata na basi.

Umeshafika huku bila barua? Usisubiri. Endelea na hatua zinazofuata, sisi tutakusaidia kuitafuta.

Pili: sikiliza Jumapili tatu

Sharika zetu huku si nyingi. Wenyeji wengi wa mkoa ni Waislamu, na Wakristo wenyeji wengi ni Wakatoliki au Waanglikana. Lakini hata kama unao usharika mmoja tu wa kwenda, nenda mara tatu kabla ya kuingia ofisini, ukiwa umefungua masikio.

Kaa mpaka matangazo yaishe. Matangazo ndiyo yanayokuonyesha nyumba ilivyo. Je, mapato na matumizi yanasomwa mbele ya watu? Mgonjwa akitajwa, panatajwa na nani atakwenda kumwona? Wanawake wanasoma neno, wanahubiri, wamo kwenye baraza la wazee? KKKT iliridhia mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, kwa hiyo ukikuta mahali mwanamke hapewi hata kusoma somo, jua hiyo ni tabia ya pale, na una haki ya kuuliza. Sikiliza pia majirani zetu Waislamu wanavyotajwa mimbarini. Mtwara mtu hawezi kuwasema vibaya Waislamu bila kumsema shemeji, mjomba au mama mzazi wa mtu aliyekaa kanisani humo. Mhubiri anayelisahau hilo hajawajua watu wake.

Tatu: ofisini, sema ukweli wa nyumbani kwako

Hapa ndipo watu wengi hukwama, basi nitakaa hapa kidogo.

Siku za kazi, muda mzuri ni asubuhi. Bisha hodi, jitambulishe. Mchungaji akiwa safarini, mwinjilisti au parishi waka, yaani mtumishi wa usharika, atakupokea. Utaulizwa jina, kazi, mtaa unaoishi, simu, ulikobatizwa. Halafu huja swali la ndoa, na hapo macho ya mtu hushuka sakafuni.

Dada mmoja alikaa mbele yangu akasema, "Mume wangu yuko kijijini, hasali sana." Baada ya miezi tukajua kwamba mume ni Mwislamu, fundi seremala hapahapa Chikongola, mtu mwema anayejulikana mtaa mzima. Alikuwa ametudanganya kwa kuogopa kufukuzwa. Kwa muda wote ule hakuwahi kukaribisha jumuiya nyumbani kwake, mtoto hakuletwa Shule ya Jumapili, na kila tulipomsalimia mume barabarani dada huyo aligeuka kama hatujui. Uongo ule ulimchosha kuliko ukweli ungemchosha.

Kwa hiyo sema yote siku ya kwanza, kwa faragha, kwa mchungaji. Kama mlifunga ndoa bomani, peleka cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini na ndoa ya kiserikali, na ndoa ya bomani ni ndoa kamili mbele ya nchi. Kama mnaishi pamoja bila ndoa yoyote, utaelezwa juu ya kurudi kundini: mafundisho mafupi, mazungumzo na mchungaji, na kwa walio tayari, kubariki ndoa. Mpaka hapo huenda utaombwa usishiriki Meza ya Bwana. Inauma, siwezi kusema haiumi. Lakini ibada, jumuiya, kwaya, maombezi ya mtoto, havikufungwi, na atakayekuambia vimefungwa amekuambia mawazo yake.

Utaratibu wa ndoa za dini mbili haufanani kila mahali. KKKT ilizaliwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa 7 yaliyokuwa yakijitegemea, na kila dayosisi bado ina desturi zake. Usibishane na mchungaji kwa kutumia ya Moshi au ya Bukoba. Muulize ya hapa, akueleze mpaka uelewe, na usione haya kurudi mara ya pili.

Mambo mengine mawili ya kusema mapema. Kama umetoka Ukatoliki au Uanglikana, hubatizwi tena, maana kanisa letu halirudii ubatizo. Na kama uliwahi kubatizwa mara ya pili kwingine, sema tu. Mtafundishana, mtaelewana.

Nne: jumuiya

Ukijiandikisha ofisini bila kwenda jumuiya, umejiandikisha nusu. Usharika una washarika wengi kiasi kwamba mchungaji hawezi kujua nani ana homa. Jumuiya ni nyumba kumi, kumi na tano za mtaa mmoja, zinazosali pamoja mara moja kwa wiki, kwa kupokezana nyumba. Muulize katibu: jumuiya ya Shangani, ya Chuno, ya Mikindani inasali siku gani, saa ngapi, kiongozi ni nani. Chukua namba ya kiongozi, umpigie siku hiyohiyo. Usingoje akupigie.

Nikuonyeshe jioni moja. Ilikuwa zamu ya yule dada mwenye mume fundi seremala, baada ya kutueleza ukweli. Tulifika saa kumi na moja na nusu. Mikeka miwili ilikuwa imetandikwa uani chini ya mwembe, na kando palikuwa na benchi jipya la mti wa mkorosho, bado linanukia randa. Mume alitoka na kanzu yake akielekea kuswali magharibi, akatusalimu mmoja mmoja, wazee akawapa shikamoo. Akamwambia mkewe, "Mama Salum, maji ya wageni yako kwenye mtungi." Akaenda. Tuliimba ubeti wa pili wa wimbo, adhana ikalia. Kiongozi wetu, mama mmoja Mmakua wa Masasi, akashusha mkono, tukanyamaza mpaka ikaisha, tukaendelea pale tulipoishia. Hakuna aliyelizungumzia. Aliporudi msikitini tulikuwa tunakunywa chai na mihogo ya kukaanga, akakaa kwenye benchi lake, tukazungumza bei ya mbao.

Mwezi ule mtoto wao wa pili alianza kuja Shule ya Jumapili. Wa kwanza anaendelea na madrasa. Wao wenyewe walikubaliana hivyo, na sisi hatukuingilia.

Unapokwenda mara ya kwanza huhitaji kupeleka kitu. Ukitaka, kilo ya sukari inatosha. Zamu yako ikifika usikope ili upike pilau. Chai ya rangi inatosha kabisa, na kiongozi anayeshindanisha nyumba kwa vyakula aambiwe.

Tano: mafundisho, na ruhusa ya kuuliza

Aliyekuja na barua kamili hahitaji mafundisho marefu. Asiyepata kipaimara, au aliyetoka dhehebu jingine, au aliye nje kwa muda mrefu, atawekwa kwenye darasa la watu wazima. Waombe wakupangie muda unaolingana na zamu zako. Wauguzi na askari huacha darasa kwa sababu hawakusema kwamba wanalala kazini.

Kitabu kikuu cha darasa hilo ni Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529. Luther aliiandika baada ya kutembelea sharika za Saxony na kukuta watu, hata wachungaji wengine, hawajui mambo ya msingi ya imani. Tazama alivyoipanga: anataja amri, kisha anauliza, "Maana yake nini?" Anataja ombi la Baba Yetu, anauliza tena, "Maana yake nini?" Kitabu kizima kimejengwa kwa swali hilo. Sasa mtu aniambie inakuwaje mwanafunzi wa kitabu hicho aambiwe kuuliza ni ukosefu wa imani.

Uliza. Uliza kwa nini mtoto mchanga anabatizwa. Uliza kuhusu mama yako aliyekufa akiwa Mwislamu, hata kama swali hilo limekukaa kooni miaka yote. Mwalimu wangu wa darasa aliniambia mara moja, "Hilo sijui, dada, tuliombee," na nilimheshimu zaidi tangu siku ile. Ukikutana na mwalimu anayekemea maswali, nenda kwa mchungaji umwombe akuhamishe darasa. Ni ombi la kawaida.

Sita: ahadi na bahasha

Utapewa namba na bahasha. Mwanzoni mwa mwaka unajaza kadi ya ahadi, kiasi utakachotoa kwa wiki au kwa mwezi. Andika unachoweza. Mwenye mshahara hana shida kupanga. Mkulima na mfanyabiashara wapange kwa msimu: huku Mtwara fedha huonekana minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, na wenzetu wa Nachingwea na Ruangwa huwa na fedha pia ufuta unapouzwa katikati ya mwaka. Mwambie mhasibu tangu Januari kwamba utalipa baada ya korosho. Ataandika, basi.

Na nalisema hili kwa uchungu: usiuze korosho kwa kangomba, yaani kwa kipimo cha bakuli nje ya mnada, ili ulipe ahadi. Nimemwona baba akitoa korosho zake kwa kipimo cha bakuli mwezi wa nane, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtu alisimama kanisani akasoma majina ya wadaiwa. Familia ile ilihangaika na ada mwaka mzima. Sadaka ya namna hiyo sidhani kama Mungu aliiomba. Ukisomwa jina namna hiyo, nenda kwa wazee uwaambie halikufaa. Sisi tuliacha kusoma majina, na mapato hayakushuka.

Asiye na fedha huleta vitu. Baada ya ibada kuna mnada nje: jogoo aliyefungwa miguu, trei ya mayai, nazi, mfuko wa korosho zilizobanguliwa. Mgeni asimame pale hata kama hanunui. Ndipo watu wanapojuana majina.

Saba: siku ya kupokelewa

Mchungaji atataja jina lako mbele ya usharika, mtaombewa, utapewa mkono. Katibu ataandika jina lako kwenye daftari la washarika. Omba ulione lilivyoandikwa. Majina hukosewa, na daftari hilo ndilo litakalosomwa siku ya ubatizo wa mwanao au siku ya msiba wako.

Ndugu na majirani

Ukibadili dhehebu au dini, Katiba ya nchi, ibara ya 19, inakulinda: kila mtu ana uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Lakini karatasi ya Katiba haitakaa na mama yako jikoni. Mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na watu, umwendee kwa adabu, bila kuisema vibaya dini aliyokulea nayo. Endelea kwenda nyumbani Idi. Krismasi peleka sahani kwa jirani kama yeye alivyokuletea.

Wanaotoka bara nawaomba jambo moja zaidi. Likizo zikifika utasikia ngoma za jando na unyago, na watoto wa jumuiya yako watakuwemo. Usikimbilie kuita mambo ya giza. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi wa Kianglikana kuanzia mwaka 1926, aliona kuwa jando limebeba malezi ya watu wa kusini, akalipa sura ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Walikuwepo waliomlaumu. Wewe kaa kwanza, uliza mama wa mtoto, ukiona jambo linalomdhuru mtoto sema, na mengine jifunze.

Kama hata hapa moyo haukukaa

Mwalimu mmoja kijana aliniuliza kama kuna kanisa lisilomtaka mtu akiri imani yoyote kabla ya kuingia. Nilimjibu kwamba yapo. Waunitari na Wauniversali wa Marekani waliungana mwaka 1961, na kwao mtu huwa mshiriki kwa kuhudhuria, kupata mafundisho ya wageni, kisha kutia sahihi kitabu cha usharika, bila kukariri ungamo la imani. Sharika ndogo za Waunitari zipo Kenya, Uganda na Burundi. Upo pia usharika unaoitwa Church of the Larger Fellowship, ulioanzishwa mwaka 1944 kwa ajili ya watu walio mbali na usharika wowote wa aina hiyo. Zamani uliwafikia kwa posta, siku hizi kwa intaneti, na lugha yake ni Kiingereza.

Nilimwambia hayo yote bila kumficha, kwa sababu aliuliza kwa nia njema. Kisha nikamwambia Jumatano tunasali kwa Mama Salum, saa kumi na moja na nusu, na hakuna atakayemtaka akiri kitu kabla ya chai. Alikuja. Bado anakuja. Hajajiandikisha, na namba ya bahasha niliyomwekea iko kwenye droo ya meza ya katibu, haijaandikwa jina.